Ploti ya Ndhiwa: Pima Bei Kabla ya Kulipa

Ukiteremka kwenye matatu Ndhiwa na kuuliza bei ya ploti inayotazama lami, dalali atakutajia kiasi, kisha ataongeza maneno ya kukuharakisha: ukikawia mwezi mmoja hutaipata kwa bei hiyo. Maneno hayo utayasikia Mirogi, utayasikia Rodi Kopany, na ukivuka upande wa Migori utayasikia Rongo na Awendo. Watu wenye akili timamu hutoa akiba ya miaka mingi kwa sababu yake, na wasio na akiba hukopa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayefikiria mkopo wa sacco, muuguzi anayetaka vyumba vya kupangisha, kijana wa Kanyamwa au Kabuoch anayetuma pesa kutoka Doha au Minneapolis, na familia yenye shamba ambayo madalali hawaachi kuibishia hodi. Nyote mna swali moja: je, bei hizi zina msingi, au ni povu?

Jibu langu nalitoa mapema ili ulipime unapoendelea kusoma. Sehemu ya bei ina msingi halali. Sehemu nyingine ni matumaini matupu, na matumaini hayo yanauzwa kwa shilingi taslimu. Tena soko la Ndhiwa halitapasuka kwa kishindo kama yale ya ng'ambo. Litagoma. Siku utakapotaka kuuza, bei itabaki ile ile mdomoni mwa watu, ila mnunuzi hatatokea. Mwenye kununua ajilinde dhidi ya hilo.

1. Jua kinachouzwa

Nairobi watu huzungumzia bei ya nyumba. Ndhiwa nyumba za watu haziuzwi. Mtu hujenga dala yake, yaani boma, kwenye ardhi ya ukoo, mwanawe huweka simba, yaani kibanda cha kijana, ndani ya dala hiyo, na wakati ukiwadia huyo mwana hutoka kwenda kuanzisha dala yake mwenyewe. Makaburi ya wazee yako papo hapo. Hata msomi aliyejenga jumba Nairobi huulizwa nyumbani kwake ni wapi, na mwaka 1987 kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno ilionyesha nchi nzima uzito wa swali hilo kwa Wajaluo.

Kwa hiyo vinavyopanda bei ni vitu vitatu, na kila kimoja kina kipimo chake:

- Ploti za kituoni, zinazokatwa kutoka mashamba yaliyo kando ya barabara. Kipimo chake ni kodi ambayo jengo juu yake linaweza kuleta.
- Mashamba ya miwa, mahindi na malisho. Kipimo chake ni mavuno, ukiondoa gharama.
- Vyumba vya kupangisha vilivyokwisha kujengwa. Kipimo chake ni kodi inayolipwa sasa, wala si ile inayotarajiwa.

Hila kubwa ya madalali ni kuvichanganya vitatu hivi. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000, hivyo ukishatoa njia za kupita, ekari hutoa ploti saba au nane. Dalali huchukua bei ya ploti moja ya mbele ya lami, huizidisha kwa nane, kisha humwambia mwenye shamba lililo kilomita tatu ndani kwamba hiyo ndiyo thamani ya ekari yake. Hamtajii wanunuzi wanane watatoka wapi, wala hamwambii kwamba ploti zote nane hazitazami lami.

2. Tambua sababu za kweli

Bei haikupanda kwa uchawi. Zipo sababu zinazoonekana kwa macho, nazo unapaswa kuzilipia.

Ya kwanza ni barabara. Lami ya kutoka Rodi Kopany kupita Ndhiwa na Mirogi kuelekea Karungu imefupisha safari na kuleta maduka, vituo vya mafuta na boda. Ya pili ni miwa. Kiwanda cha Sukari Industries kilipoanza kazi Ndhiwa, mkulima hakuwa tena na lazima ya kutegemea kiwanda cha Sony kule Awendo peke yake, na wafanyakazi, madereva wa matrekta na wafanyabiashara wakahitaji mahali pa kulala. Ya tatu ni ugatuzi. Tangu 2013 pesa za kaunti zimefika Homa Bay, na maafisa wake, walimu, wauguzi na polisi wanaohamishiwa Ndhiwa hawana dala hapa. Wanapanga.

Ya nne watu huisahau. Bonde la Lambwe, jirani yetu, liliogopwa kwa vizazi kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Sehemu yake ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Ardhi iliyokuwa rahisi kwa sababu ya hofu haiwezi kubaki na bei ya hofu baada ya hofu kwisha.

Ya tano ni pesa za ng'ambo. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Hakuna anayejua ni ngapi zilizofika Kwabwai au Kanyikela, lakini mwenye kutuma pesa kutoka mbali huiona ploti kuwa akiba isiyoibika kwa urahisi, na mara nyingi hulipa bila kushindania bei.

3. Angalia upande wa pili wa kila sababu

Kila nguzo niliyoitaja inaweza kutikisika, na mnunuzi mwerevu huuliza itatikisika lini.

Miwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuvunwa. Mwaka 2023 usagaji wa miwa ulisimamishwa nchini kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokomaa haikutosha. Kiwanda kikisimama, mpangaji hukosa mshahara na mkulima hukosa malipo. Mpangaji huacha chumba wakati ule ule ambapo mkulima, akiwa na karo ya shule mkononi, analeta ardhi sokoni. Wapangaji wanapungua huku wauzaji wakiongezeka: hapo ndipo bei ya kweli hujulikana.

Mishahara nayo imebanwa. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na tangu Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya SHIF, juu ya makato ya NSSF yaliyoanza kupandishwa 2023. Mwalimu aliyekuwa na uwezo wa kuongezewa kodi hana tena nafasi hiyo.

Pesa za ng'ambo hufuata bei ya dola. Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160. Baadaye mwaka huo ilishuka na kutulia karibu na 130. Mwenye kutuma dola zile zile akapoteza karibu moja ya tano ya uwezo wake wa kununua hapa nyumbani, ilhali bei za ploti hazikusubiri.

4. Elewa povu letu ni la namna gani

Povu la bei hutokea watu wanaponunua kitu kwa sababu moja tu: wanaamini mwingine atakinunua kwao kwa bei ya juu zaidi. Ireland ilipitia hayo. Bei za nyumba zilipanda hadi 2007, kisha katika miaka iliyofuata zikaanguka kwa karibu nusu. Marekani ilipitia hayo pia, na Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ikafilisika. Katika nchi zote mbili moto ulichochewa na mikopo ya nyumba. Kule Marekani, watu waliposhindwa kulipa, benki ziliuza nyumba zao, na kila nyumba iliyouzwa kwa lazima iliteremsha bei ya jirani.

Kenya nzima, yenye watu zaidi ya milioni 47 katika sensa ya 2019, ina mikopo ya nyumba ya benki ipatayo 30,000 tu. Ndhiwa watu hununua kwa pesa za miwa, mshahara, chama, sacco na pesa za ndugu. Hakuna benki itakayomwaga ploti mia moja sokoni kwa siku moja. Ndiyo maana nasema hakutakuwa na mpasuko.

Lakini asikudanganye mtu kwamba pasipo mpasuko hapana hasara. Mwenye ploti asiye na deni la benki hakubali kushusha bei. Atasema alinunua kwa kiasi fulani na hatauza chini yake, naye atasubiri miaka. Wakati huo mtoto anafukuzwa shule, mgonjwa yuko Kisii au Eldoret, na ploti haigeuki kuwa shilingi. Aliyekopa sacco yuko pabaya zaidi, kwa sababu mkopo wake umedhaminiwa na wenzake. Akishindwa kulipa, wadhamini hukatwa akiba zao, na urafiki wa miaka huvunjika kwa sababu ya ploti yenye nyasi.

5. Fanya hesabu ya kodi

Hiki ndicho chombo chako muhimu kuliko vyote, nacho hakihitaji kompyuta. Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, nawe weka za kwako.

Ploti inauzwa shilingi 600,000. Kujenga vyumba vinne vya kawaida kutagharimu 800,000. Jumla ni 1,400,000. Kila chumba kitapangishwa kwa 2,500 kwa mwezi, yaani 10,000 kwa vyumba vinne, au 120,000 kwa mwaka. Toa miezi miwili ya vyumba kukaa bure, 20,000. Toa 20,000 nyingine za ukarabati, choo, maji na ada. Zinabaki 80,000.

Gawanya 80,000 kwa 1,400,000. Unapata chini kidogo ya asilimia 6 kwa mwaka.

Sasa linganisha na pesa isiyokusumbua. Hati za hazina za serikali za siku 91 zililipa takriban asilimia 16 katika nusu ya kwanza ya 2024, na mwaka 2025 zikashuka hadi karibu asilimia 8. Tuseme unataka angalau asilimia 8. Mapato ya 80,000 yanastahili mtaji wa shilingi 1,000,000. Ondoa 800,000 za ujenzi. Ploti yenyewe, kwa kodi inayoweza kuleta leo, inastahili 200,000.

Unaulizwa 600,000. Kwa hiyo 200,000 ni ardhi na 400,000 ni matumaini.

Sikuambii matumaini hayana thamani. Ardhi hukinga akiba dhidi ya mfumuko wa bei, na kodi huweza kupanda mji ukikua. Ila sasa unajua kiasi halisi unachokilipia. Jiulize: ni jambo gani litakalofanya kodi ya chumba hiki ipande mara mbili, na katika miaka mingapi? Usipoweza kulitaja kwa maneno ya kueleweka, usilipe. Kwa shamba, hesabu ni hiyo hiyo: chukua mavuno ya wastani ya misimu kadhaa, ukihesabu na ule mbaya, toa gharama za kulima, mbegu, mbolea, kukata na kusafirisha, kisha pima na bei unayotajiwa.

Jambo moja la kodi ya serikali: tangu Januari 2024, mwenye nyumba za kuishi anayepata kodi ya zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka hutoa asilimia 7.5 ya kodi yote kwa KRA, bila kuondoa gharama. Ukijenga vyumba vingi, iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

6. Chuja habari za maendeleo

Bei nyingi za Ndhiwa zimejengwa juu ya habari: chuo kinakuja, soko la kisasa linakuja, barabara ya ndani itawekwa lami. Zigawe habari hizo mafungu matatu. La kwanza ni kilichojengwa na kinatumika. La pili ni kilichotengewa pesa, na mkandarasi yuko kazini. La tatu ni kilichotamkwa jukwaani. Fungu la kwanza lilipie. La pili lilipie kidogo. La tatu usililipie hata shilingi, hasa uchaguzi wa Agosti 2027 unapokaribia na ahadi zinapozidi.

Kenya ina somo la wazi kuhusu hili. Serikali ilipotangaza mji wa teknolojia wa Konza, eneo la Malili katika Machakos na Makueni liligeuka soko la ploti. Wanunuzi walimiminika. Uzinduzi ukafanyika Januari 2013. Serikali pia ilizuia ujenzi holela katika eneo la kilomita 10 kuuzunguka mji huo, na kasi ya mradi haikulingana na haraka ya madalali. Wapo walionunua kwa bei ya mji na wakabaki na ardhi ya malisho. Mradi ulikuwa wa kweli, na bado waliokuja na haraka waliumia.

7. Tafuta bei iliyolipwa

Bei unayotajiwa ni ombi. Bei ya kweli ni ile iliyotoka mfukoni mwa mtu. Faharasa za bei zinazotangazwa magazetini hufuata Nairobi na miji inayoizunguka, kwa hiyo Ndhiwa kazi hiyo ni yako:

- Zungumza na watu watano walionunua karibu na hapo ndani ya miaka miwili. Waulize walilipa ngapi, si waliambiwa ngapi.
- Zungumza na watu watatu wanaouza. Waulize ploti imekaa sokoni muda gani. Ikiwa imekaa miaka miwili bila mnunuzi, bei yake si bei.
- Hesabu vyumba vitupu. Tembea jioni nyuma ya kituo, angalia vyumba visivyo na taa wala nguo kambani. Vikiwa vingi, kituo kina majengo kuliko wapangaji.
- Mlipe mthamini aliyesajiliwa ikiwa kiasi ni kikubwa. Ada yake ni ndogo kuliko kosa lako.

Fanya hivyo pia katika kituo jirani. Bei ya Ndhiwa ikipita ile ya Rongo, wakati Rongo iko kwenye barabara kuu na ina chuo kikuu, muulize muuzaji sababu.

8. Kagua karatasi hatua kwa hatua

Ploti ya bei nzuri yenye hati mbaya ni hasara kamili. Huku kwetu hatari hiyo ni kubwa kuliko povu lolote, kwa hiyo usiruke hatua hata moja.

*Kwanza, hati iko kwa jina la nani?* Mashamba mengi bado yamesajiliwa kwa jina la babu aliyekwisha kufariki. Chini ya Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Mjukuu anayekuonyesha hati ya babu na kukuuzia kipande hana cha kukuuzia, hata kama ndugu zake wote wametia sahihi kwenye karatasi. Mwambie amalize mirathi kwanza.

*Pili, fanya utafutaji rasmi* katika ofisi ya usajili wa ardhi ukiwa na nakala ya hati, kitambulisho na PIN ya KRA. Utaona mmiliki, mkopo uliowekwa juu ya ardhi, na zuio lolote. Usikubali nakala ya utafutaji iliyoletwa na muuzaji. Fanya wewe au wakili wako, na urudie siku chache kabla ya kulipa.

*Tatu, fuata historia ya hati hadi mwanzo wake.* Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba hati pekee haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, hata kama yeye alinunua kwa nia njema. Oktoba mwaka huo huo nyumba za watu zilibomolewa Mavoko, kwenye ardhi ambayo mahakama iliamua ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wengi waliobomolewa walikuwa wamelipa pesa zao halali.

*Nne, nenda shambani na mpima ardhi aliyesajiliwa.* Alinganishe mawe ya mpaka na ramani. Mbele ya lami, hakikisha ploti haimo ndani ya hifadhi ya barabara. Ikiwa imekatwa kutoka shamba kubwa, ulizia kibali cha kaunti cha kugawa na fomu ya mgawanyo iliyosajiliwa. Ploti isiyo na nambari yake yenyewe bado ni shamba la mtu.

*Tano, uliza wanaoishi hapo.* Kaa na mzee wa kijiji na majirani. Kuna kesi ya mpaka? Kuna kaburi? Kuna familia ya jodak, waliokaribishwa na ukoo miaka mingi iliyopita, wanaolima hapo hadi leo? Aliyeishi kwenye ardhi waziwazi bila ruhusa kwa zaidi ya miaka 12 anaweza kuidai mahakamani, na hata pale ambapo sheria haimpi haki hiyo, kumfukuza kutakuletea uadui wa kijiji kizima.

*Sita, mke au mume wa muuzaji akubali kwa maandishi.* Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza kuuza mali ya ndoa bila ridhaa ya wote wawili. Kutana naye ana kwa ana. Ikiwa wake ni zaidi ya mmoja, kutana nao wote.

*Saba, andikeni mkataba.* Makubaliano yaliyotiwa muhuri kwa chifu ni ushahidi mzuri wa malipo, lakini hayahamishi ardhi. Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote mbili, na sahihi zishuhudiwe. Uandikwe na wakili wako, si wakili mmoja wa wote wawili. Malipo ya kwanza yasizidi asilimia 10, na salio lilipwe nyaraka za kuhamisha zikiwa tayari.

*Nane, pata kibali cha bodi ya ardhi.* Kwa ardhi ya kilimo, ombi la kibali lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Miezi hiyo ikipita bila hatua, mkataba unaweza kuwa batili kisheria. Wengi wamelipa pesa yote wakakaa miaka bila kwenda mbele ya bodi, kisha muuzaji akafariki na wanawe wakakana mauzo.

*Tisa, sajili jina lako.* Hujanunua mpaka hati mpya iwe na jina lako.

Uliye ng'ambo, usimtume ndugu peke yake na M-Pesa. Mtume ndugu pamoja na wakili uliyemchagua mwenyewe, na pesa zipite kwa akaunti ya wakili. Ndugu mwaminifu hatachukia utaratibu huu, kwa sababu unamkinga naye.

9. Ongeza gharama zilizofichwa

Bei ya ploti si gharama yake. Weka kando ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 ndani ya manispaa. Uliza ploti yako iko upande gani, kwa sababu mipaka ya miji inapanuliwa. Ongeza ada ya wakili, mpima ardhi, mthamini na bodi. Muuzaji naye ana kodi ya faida, iliyopandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Mkataba uandike kwamba ni yeye atakayeilipa, la sivyo utaikuta imejificha ndani ya bei yako.

Kisha pima udongo. Sehemu nyingi za tambarare zetu zina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuondoa au kuimarisha msingi hupata nyufa mapema. Karibu na mto Riana au Kuja, tembelea ploti wakati wa mvua za masika kabla ya kununua. Ulizia pia nguzo ya stima iliyo karibu zaidi na maji yanatoka wapi. Ploti ya nusu bei isiyo na maji inaweza kuwa ghali kuliko ile uliyoikataa.

10. Kwa mwenye shamba anayeombwa auze

Bei ikipanda, jaribu kubwa liko kwa muuzaji. Pesa za shamba lililouzwa zikishatumika hazirudi, na watoto watakaokosa mahali pa kujenga dala hawatakumbuka bei ilikuwa nzuri kiasi gani.

Ukilazimika, uza kidogo: ploti mbili za mbele badala ya ekari nzima. Maliza mirathi kwanza, maana ardhi yenye hati safi huuzika kwa bei bora. Fikiria kukodisha kwa miaka maalumu kwa mkataba ulioandikwa, ili ardhi ibaki yako. Mama mjane, usitie kidole kwenye karatasi ambayo hujasomewa kwa Dholuo na mtu unayemwamini, asiyepata kamisheni. Na pesa ikiingia, jua kazi yake kabla haijaingia: chuo cha mtoto, ng'ombe wa maziwa, vyumba juu ya ploti uliyobaki nayo. Pikipiki na sherehe hazirithiwi.

Uamuzi

Nunua sasa ikiwa una mambo manne: pesa si za mkopo unaohitaji kuuza ploti ili ulipe, utaijenga ndani ya miaka mitatu au una matumizi yake, hesabu ya kodi inakuonyesha kwamba angalau nusu ya bei ni ardhi, na hati imepita hatua zote tisa. Ukikosa moja, ngoja. Ukikosa mbili, ondoka.

Usinunue ikiwa sababu yako pekee ni kwamba bei itapanda. Usimdhamini mwenzako anayekopa sacco kwa sababu hiyo hiyo. Akiba yako inaweza kukaa kwenye hati za hazina, ambazo kiwango chake cha chini ni shilingi 50,000, huku ukiendelea kutafuta. Utapata faida na utaweza kuitoa mtoto akiugua.

Bei za ploti za kituoni Ndhiwa zimetangulia mbele ya kodi zake, na zitabaki hivyo mpaka ajira zaidi zije au bei zikae bila kusogea kwa miaka. Ardhi haikimbii. Dalali akikuambia ukikawia utakosa, mwambie utarudi ukiwa na mpima ardhi, wakili na hesabu yako. Muuzaji halali atakungoja.